Kobe wa Dani Hakufa kwa Uzee

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote si ile ya matatu za Kondele wala ile ya samaki wa Dunga. Ni ya sekunde kumi na tisa tu. Kobe wa jirani mmoja anatafuna mkate, na juu yake nimeandika: "Mnyama rahisi kufuga duniani. Hana kelele, hana gharama, hafi."

Inboksi ikajaa. Vijana wa rika langu, wa hapa Kisumu, wa Homa Bay, wengine hadi Nakuru. "Bro, napata wapi kama huyo?" "Wanauza ngapi?" "Ugali anakula?" Niliwajibu wachache kwa emoji, nikaendelea na maisha. Juzi nimeifuta. Hii posti ni ya kueleza kwa nini, na itabidi turudi nyuma sana, maana kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi.

Nianze na kobe ninayemjua. Babu alikuwa mtu wa reli. Siku moja miaka ya themanini alishuka stesheni ya Kisumu na gunia, ndani yake kobe mdogo wa ukubwa wa ngumi, aliyemwokota kando ya reli huko Sultan Hamud. Akampeleka nyumbani Nyalenda. Wakamwita Jaduong', yaani mzee, ingawa alikuwa kitoto. Nadhani ni ile ngozi ya shingo iliwadanganya. Mjomba akachukua drili, akatoboa gamba pale ukingoni nyuma, akapitisha kamba ya nailoni na kumfunga kwa mwembe asipotee. Chakula? Tulichobakisha sisi. Ugali, mkate, wali wa jana, na omena siku dani akiwa na furaha.

Mimi nilimkuta hapo, nikakua naye. Gamba lake lilikuwa na vilima vilima kama trei ya mayai, na sisi tulidhani ndivyo Mungu alivyomchora. Mwaka 2016, msimu wa mvua, tulimkuta amekufa chini ya mwembe. Mjomba akasema huenda alikufa tangu Jumatatu, nani angejua? Dani akasema ni uzee. Wote tukakubali, tukanywa chai.

Sasa piga hesabu. Miaka thelathini na kitu. Kobe wa aina yake, yule mwenye madoadoa meusi kwenye gamba la rangi ya mchanga unayemwona savana yote ya Kenya, akitunzwa vizuri anapita hamsini bila shida, na wapo wanaoenda mbali zaidi. Jaduong' hakuwa mzee. Alikuwa kijana kama wewe unayesoma hii kwa matatu.

Kwa hiyo swali langu: hii imani kwamba kobe hahitaji kitu tuliitoa wapi?

Sehemu ya jibu iko hapa hapa kwetu, Karungu, kule chini Migori. Mwaka 1911 British Museum ilimtuma mwanajiolojia Felix Oswald akachimbe visukuku kwenye makorongo ya Karungu. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa umewamaliza na kuwahamisha watu wengi ufuoni, na yeye mwenyewe baadaye aliandika kitabu kuhusu kuwa peke yake katika nchi ya malale. Kati ya mifupa aliyoipeleka London kulikuwa na mabaki ya kobe. Mwaka 1914 mtaalamu anayeitwa C. W. Andrews akampa mmoja wao jina, Testudo crassa, kwa sababu gamba lake lilikuwa nene ajabu. Mawe yale yana zaidi ya miaka milioni 15. Ziwa letu lenyewe lina kama laki nne tu, na hata hilo liliwahi kukauka kabisa katikati. Yaani kobe walikuwa wanatembea Nyanza kabla ya Nyanza kuwa na ziwa.

Kwa hiyo ni kweli, kama ukoo kobe ni wagumu. Wameona volkano, wameona tembo wa ajabu wakija na kuisha. Lakini ukoo kudumu ni jambo moja, na huyu mmoja aliyefungwa kamba kwenye plot yenu kudumu ni jambo lingine. Sisi tumechukua sifa ya ukoo tukamkabidhi Jaduong' aishi nayo.

Sehemu ya pili ya jibu ni mbaya zaidi, na inatoka baharini. Visiwa vya Bahari ya Hindi, Mauritius, Réunion, Rodrigues na Shelisheli, vilikuwa na kobe wakubwa wa kutisha. Mabaharia wa Ulaya walipofika waligundua kitu kimoja: ukimtupa kobe chini melini, ukampanga juu ya mwenzake kama magunia ya saruji, anakaa miezi bila chakula wala maji na bado yuko hai. Friji haikuwa imevumbuliwa. Kobe ndiye aliyekuwa friji. Mfaransa François Leguat alifika Rodrigues mwaka 1691 akakuta makundi ya kobe yasiyohesabika. Baada ya kama miaka mia moja hivi hakukuwa na hata mmoja.

Soma hiyo tena, halafu soma maneno niliyoandika kwenye video yangu. "Hana gharama." Hayo ni maneno ya mpishi wa meli! Kobe hakuwa anaishi vizuri bila chakula kule chini. Alikuwa anakufa polepole mno, na mtu wa juu akahesabu ile polepole kuwa ni afya. Mwili wake unaenda taratibu, damu yake hupata joto kutoka nje, kwa hiyo njaa inayomuua kuku haraka inaweza kumchukua yeye muda mrefu sana. Na halii. Paka akikosa chakula utasikia mtaa mzima. Kobe atakaa pale pale amekuangalia.

Mfano mzuri ni Jonathan, yule kobe mkubwa wa kisiwa cha St Helena, anayeaminika kuwa alizaliwa karibu 1832. Alifika huko 1882 akiwa tayari mtu mzima, na yuko kwenye uwanja wa nyumba ya gavana. Nyasi tele, heshima tele, watalii wanapiga picha. Kumbe alikuwa anadhoofika. Macho yalikuwa yamepofuka, pua haisikii harufu, akawa hapati majani mazuri, na mdomo wake mgumu wa kukatia ukawa umelainika na kumeguka. Daktari wa mifugo wa kisiwa, Joe Hollins, ndiye aliyegundua, akaanza kumlisha kwa mkono matunda na mboga mara moja kwa wiki. Mdomo ukarudi kuwa mkali. Huyo ni kobe maarufu kuliko wote duniani, na ilibidi mtu mmoja achungulie mdomoni ndipo ijulikane ana njaa. Jaduong' wa Nyalenda nani angemchungulia?

Turudi Afrika Mashariki. Kati ya visiwa vile vyote, kobe walibaki porini kwa wingi Aldabra tu, na hata huko ilibidi mwaka 1874 wanasayansi, Charles Darwin akiwemo, wamwandikie gavana wa Mauritius kumsihi awalinde. Baadaye, mwaka 1919, gavana wa Shelisheli alitoa kobe wanne zawadi kwa Zanzibar. Wakawekwa kisiwa cha Changuu, kile wageni wanachokiita cha gereza. Wakazaana. Mwaka 1955 walifika kama 200.

Halafu watu wakagundua kobe ni pesa. Wengine walitaka nyama, wengine walitaka kuwauza nje wakafugwe majumbani. Wakaanza kupotea, na mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Saba! Serikali ya Zanzibar na mashirika ya kutetea wanyama ikabidi wajenge uzio, walete wengine, walinde vitoto kama benki. Ukienda leo na kuwalisha majani, ujue ule uzio uliwekwa kwa ajili yetu sisi, si kwa ajili yao.

Na Mombasa yupo yule mliyemsoma shuleni. Tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko akakwama baharini karibu na Malindi, akaokolewa, akapewa jina Owen, akapelekwa Haller Park, akaenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe wa Aldabra mwenye umri wa kama miaka 130 aitwaye Mzee. Mwanzoni Mzee alimkwepa. Baadaye wakawa wanalala pamoja. Picha zikazunguka dunia nzima.

Nilipokuwa darasa la nne nilidhani Mzee ni ndugu yake Jaduong'. Jina ni lile lile, si ndio? Lakini angalia nyuma ya zile picha, usiangalie kiboko. Utaona miti, nyasi, bwawa, kivuli, na nafasi ya kutembea hadi ukachoka. Pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji ya Bamburi, jangwa jeupe, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Yaani mtu alitengeneza msitu kwanza, ndipo kobe akakaa humo. Sisi tulikuwa na mwembe mmoja na mita mbili za nailoni.

Kuhusu ile kamba, nilidhani mjomba ndiye aliyebuni. Wapi! Waingereza walifanya hivyo hivyo kwa miongo. Kobe wadogo wa Moroko na nchi nyingine za Mediterania waliingizwa Uingereza kwa mamilioni karne iliyopita, wakauzwa kama viazi, watoto wakatoboa magamba na kuwafunga uzi bustanini. Wengi hawakumaliza miaka michache ya baridi ile. Biashara hiyo ilizuiwa 1984, wakati ule ule babu yangu akiwa njiani na gunia lake.

Gamba si nyumba ambayo kobe anaingia na kutoka, katuni zilitudanganya. Ni mifupa yake. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Lina mishipa ya fahamu, ukimkwaruza anahisi. Mjomba, nakupenda sana, lakini ulimtoboa mtu mfupa bila ganzi.

Na vile vilima vya trei ya mayai? Zamani wafugaji waliamini ni protini nyingi tu. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna waliwalea vitoto vya kobe wa jangwani, wakibadilisha protini na unyevu. Kilichotofautisha zaidi kilikuwa unyevu. Waliokulia pakavu mno ndio magamba yao yalipanda vilima. Kitoto cha kobe porini hushinda chini ya vichaka na ndani ya mashimo, mahali penye unyevunyevu. Jaduong' alikulia juu ya udongo uliopigwa jua kama jiko, bila hata kisahani cha maji, kwa sababu "kobe hanywi". Anakunywa. Ukimwekea beseni bapa analoweza kuingia bila kuzama, ataingia, atanywa, na mara nyingi ataenda haja humo humo, kwa hiyo badilisha maji kila siku.

Chakula chake ni nyasi. Sijui niseme mara ngapi. Nyasi na majani ya porini, siku nzima, kama ng'ombe mdogo. Tumbo lake limetengenezwa kusaga nyuzinyuzi. Mkate na ugali vinamvuruga, na omena ni protini ya paka. Anahitaji kalisiamu, unaweza kusaga maganda ya mayai ukamnyunyizia kwenye majani, na anahitaji jua lenyewe la nje ili mwili wake utumie hiyo kalisiamu. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii, miale inayotakiwa inazuiwa na kioo. Kwa hiyo kobe wa kwenye katoni sebuleni, hata kama katoni iko dirishani, mifupa yake inalainika huku unampiga picha. Na uwe na kivuli pia, maana jua la saa saba la Kisumu mnalijua. Akikua atafika sentimita 40 na kupita kilo kumi, na atataka kutembea. Bedsita ya Manyatta haimtoshi, tusidanganyane.

Nawa mikono ukimshika. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya kama sentimita 10 mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kupata salmonela.

Dani alikuwa akitusimulia Opuk alivyomshinda Apuoyo mbio. Si ile ya shuleni ya sungura kulala. Ya dani, kobe aliwapanga ndugu zake njiani, kila kona sungura anamkuta kobe yuko mbele, na sungura hakujua kama ni wengi kwa sababu wote wanafanana. Sisi ni sungura kabisa. Kuna mtu wa Usenge alinitumia picha ya "kobe" aliyemtoa ziwani, amemweka kwenye ndoo kavu na sukuma wiki. Huyo ni kobe wa maji. Yupo hata wa aina inayojulikana kutoka ziwa letu na maziwa ya jirani. Bila maji hali vizuri, na anakula wadudu na konokono. Nilimwambia amrudishe pale pale alipomtoa, siku hiyo hiyo.

Yupo pia yule wa Ukambani na Samburu mwenye gamba bapa na laini kama chapati, anayejibana kwenye nyufa za mawe. Hutaga yai moja tu kwa wakati. Wazungu walimpenda sana wakamnunua kwa maelfu, hasa kupitia Tanzania, mpaka Tanzania ilipozuia kuuza nje wanyamapori hai mwaka 2016. Na 2019, kwenye mkutano wa Geneva, Kenya pamoja na Marekani waliomba biashara yake ya kimataifa ifungwe, ikafungwa. Sasa yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Hapa ndipo naomba wale wa "wanauza ngapi" wasome polepole. Kobe wa Kenya ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 humwokoti njiani ukamfuga, humnunui kwa mtu mwenye gunia, bila kibali cha KWS. Wapo wenye vibali, ndio, wanafuga kihalali na wanakaguliwa. Mnakumbuka wale Wabelgiji wawili wa miaka 19 walioshikwa Naivasha mwaka 2025? Walikuwa na siafu... sorry, si siafu, ni sisimizi, kama 5,000, kwenye vichupa. Korti iliwapa chaguo la kulipa shilingi milioni moja kila mmoja au kukaa ndani miezi kumi na miwili. Kwa sisimizi! Nao walisema ni hobi tu.

Najua mtu atasema, basi nimwachilie Impala Park usiku niende zangu. Usifanye hivyo. Hujui alitoka wapi, hujui ana ugonjwa gani, na alizoea mkate. Ukiwa naye tayari, peleka habari KWS, wako njia ile ya kwenda Dunga. Najua inaogopesha. Mimi ningekuwa na Jaduong' leo ningeogopa pia, na dani angelia.

Kuna kitu kimoja cha mwisho. Waingereza wana kobe mmoja wa historia, Timothy, aliyekuwa bustanini kwa kasisi Gilbert White huko Selborne. White alimwangalia kwa makini na kuandika habari zake kwa miaka mingi, mpaka wakati anaoamka na anaopenda kulala. Kobe alikufa 1794, gamba likahifadhiwa, na baadaye wataalamu walipolichunguza wakakuta Timothy alikuwa jike.

Gamba la Jaduong' bado liko kwa dani, juu ya kabati, anaweka funguo na risiti za stima humo. Jumapili nikalishusha na kuligeuza. Kobe dume wa aina hii, upande wa tumbo huwa na bonde kidogo. Hili lilikuwa bapa kabisa kama sahani. Nikamwita dani aje aone. Akaweka miwani, akapitisha kidole tumboni, kisha akakipeleka pale ukingoni kwenye tundu la drili.

"Kumbe alikuwa msichana," akasema. "Na hatukumpa hata maji."